Nusu Uzi Sugu, Nusu Uzi wa Boti

Nilikuwa nimevumilia mengi, lakini rimu la lori lilinishinda.

Asubuhi hiyo nilikuwa nampeleka mwanangu chekechea kama siku zote, mkono mmoja nimemshika yeye, mwingine nimeshika chupa yake ya uji. Tulipokata kona ya mwisho Mchafukoge nikasikia mlio ambao jana yake haukuwapo. Ngaa! Ngaa! Ngaa! Kuinua macho, namwona mwalimu amesimama mlangoni pa darasa, anapiga rimu la lori kwa kipande cha chuma. Rimu lenyewe kalining'iniza kwa waya kwenye kofia ya mlango. Na chini ya kofia hiyo, mistari miwili iliyonyooka, watoto wa mtaa mzima wanangoja kuimba.

Kofia ndivyo tulivyokiita kibao cha zege kinachotokeza juu ya mlango au dirisha, kuzuia jua na mvua. Ile ya chekechea niliitengeneza mimi na wenzangu kwenye karakana yetu ya ushirika. Nilijua kilichomo ndani yake kama ninavyojua kilichomo ndani ya sufuria yangu. Ndiyo maana nilimwachia mwanangu mkono, nikamwambia, "Simama hapo hapo, usisogee hata unyayo," nikaenda.

"Shikamoo, mwalimu. Teremsha hicho kitu."

"Marahaba. Kitu gani? Hii kengele. Wiki nzima nawabembeleza watu wa gereji wanipe."

"Teremsha."

"Loo! Watoto, mmeona? Huyu mama hata shikamoo yake ina amri ndani."

Watoto wakacheka. Mimi nikavuta benchi lao, nikapanda na ndala zangu, nikaanza kuufungua ule waya. Mwalimu akanishika kanga. Mwanamke wa makamo yule, mwenye sauti ya kuamrisha jeshi, lakini siku hiyo nadhani sauti yangu ilikuwa kubwa zaidi. Nilisema niachie, akasema shuka, nikasema watoe watoto hapa chini kwanza ndipo tupigane. Akaniachia. Si kwa hofu. Aliuona uso wangu.

"Si ninyi wenyewe," akasema taratibu, "mliokuja hapa mkatuambia kofia hii itadumu mpaka ituzike sote?"

"Tulisema. Tulisema uongo."

Nilipousema uongo huo sikujua kuwa ni uongo. Lakini asubuhi ya rimu nilikuwa nimeshajua kwa muda wa miezi mitatu, na kila siku ya miezi hiyo nilimleta mwanangu akasimama mstari wa kushoto, chini ya kofia. Nilikuwa nimesema kwa wakubwa mara tatu, kwa adabu, kwa sauti ya mtoto wa shule. Hasira yangu nusu ilikuwa kwao. Nusu nyingine sikuwa na pa kuipeleka.

Hebu nieleze tangu mwanzo.

Nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa, nikazaa, kwa mpangilio huo na kwa haraka hiyo. Wazazi wangu wana duka Msimbazi, watu wa Kilimanjaro, na walitegemea nitakaa nyuma ya kaunta. Mimi nikaenda karakana ya ushirika kukanda saruji. Mama alilia. Alisema mikono ile ilisomeshwa.

Karakana ilianzishwa kwa sababu nondo zilikuwa hazipatikani. Ukitaka zege lisipasuke unalitia nondo, hiyo kila fundi anajua. Sasa nondo hakuna, unafanyaje? Akaja mtaalamu na makatoni ya nyuzi za kioo. Kioo kweli, kilichovutwa kikawa chembamba kuliko unywele, kikakusanywa kikawa uzi mweupe unaong'aa kama katani iliyooshwa. Tulimwaga uji wa saruji na mchanga laini ndani ya kalibu ya mbao, tukatandaza juu yake nyuzi zilizokatwa urefu wa kidole, tukazizamisha kwa rola, tukamwaga uji tena, tukatandaza tena. Kikikauka unapata kibao chenye unene wa kidole gumba ambacho wanawake wawili wanakibeba huku wanapiga soga. Kofia ya kawaida inataka wanaume wanne, nao hawaachi kulalamika mpaka waifikishe.

Nyuzi zile zinawasha, usiniulize. Nilikuwa na kanga ya kazi ambayo ililala karakana. Siku moja nilisahau nikarudi nayo nyumbani, mtoto akajikuna mpaka asubuhi. Lakini niliipenda kazi ile. Nilipenda kupita mtaani nikaona kofia zetu juu ya madirisha ya watu na kujua ni ipi yangu.

Mtaalamu kabla hajaondoka alituambia jambo moja mara nyingi, mpaka tukawa tunamwigiza. Saruji ndani yake ina chokaa, na chokaa hula kioo. Uzi aliotuletea umechanganywa na madini fulani yanayoufanya usilike. Fundi wetu mkuu, mzee mkimya ambaye ameshajenga nusu ya Kariakoo, akaupa jina: uzi sugu. "Uzi mwingine usitie," mtaalamu alisema, "hata ukifanana nao."

Makatoni yakapungua. Mengine yaliyoagizwa hayakuja. Mara meli, mara kibali, mara subirini. Ndipo mwenyekiti wetu, mtu mcheshi na mkarimu, anayejua hali ya kila mwanachama na watoto wake, akapata nyuzi za kioo kwenye karakana moja ya kutengeneza boti kule Magogoni. Aliingia nazo amezibeba begani, anaimba. Ukiziweka pamoja na uzi sugu, mama yangu, hutofautishi.

Fundi alizishika, akazinusa, akasema, "Hizi ni za boti. Boti haina saruji."

Ukaitishwa mkutano. Kazi iliyokuwa mbele yetu ilikuwa kofia za chekechea, za zahanati, na za nyumba za wanachama, na uzi sugu ulikuwa umebaki makatoni matatu. Wa Msimbazi wakasema uzi sugu uende kwenye nyumba zao, kwa kuwa huko mvua ikinyesha maji huingia mpaka kitandani. Wa Mchafukoge wakasema wao je, wanaishi jangwani? Mmoja akawaambia wa Msimbazi wamezoea kuogelea, hawana haja ya kofia. Ikawa kelele, ikawa matusi ya kucheka, karibu iwe matusi ya kweli. Ndipo mtu mmoja wa nyuma akasimama akasema:

"Ndugu zangu, sisi ni ushirika au ni mabwanyenye? Tugawane. Kila kofia ipate nusu uzi sugu, nusu uzi wa boti. Sawa kwa sawa. Asiwepo wa kuonewa."

Makofi! Tulipiga makofi mpaka njiwa wakaruka kwenye bati. Hoja ilipitishwa kwa kunyoosha mikono, na mtu mwenyewe aliyesema maneno hayo kutoka nyuma alikuwa mimi.

Ndiyo. Mimi. Nilirudi kitini uso unaniwaka kwa fahari. Nilimwona fundi amefungua mdomo, kisha akaufunga. Nilidhani anapiga mwayo.

Kofia za chekechea zikapandishwa masika hayo. Mwalimu alitupikia chai.

Kilichoniamsha ni tambuu. Nimepanga chumba kwa bibi mmoja, mzaliwa wa hapa hapa, ambaye haipiti alasiri hajakaa barazani na kijaluba chake. Siku moja nilimwomba kipande nijaribu. Nikapaka chokaa kwenye jani kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate. Nilipotafuna ulimi ulichubuka, machozi yakatoka.

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwana wa bara wewe! Chokaa inawekwa tone. Haina adabu hii, inakula kila isichokatazwa."

Inakula kila isichokatazwa. Nilikaa pale barazani ulimi nje kama mbwa, na neno la mtaalamu likanirudia.

Kesho yake nikachukua karakana kifundo cha uzi sugu na kifundo cha uzi wa boti. Nikamwomba bibi chokaa.

"Shikamoo, bibi. Naomba chokaa, nyingi kidogo."

"Marahaba, mama. Baada ya jana? Umepata wazimu?"

"Napika nyuzi."

"Ama kweli shule imekuharibu," akasema, lakini alinipa, tena akatoka kigodani kuja kutazama.

Nilikoroga chokaa na maji, nikajaza chupa mbili za jemu, nikatia uzi huu humu na ule mle, nikafunga vifuniko, nikaziweka pembeni ya jiko la mkaa ambapo joto halikosi. Siku ya tisa nikazitoa. Uzi sugu niliuzungushia kidole nikavuta, ukanikata ngozi. Uzi wa boti nilipouvuta haukutoa hata sauti. Ulikatika kama tambi zilizoungua.

Bibi aliuokota, akausugua kwa vidole, ukawa unga. "Na hii ndiyo mliyotia juu ya vichwa vya watoto?"

Nilizikusanya nyuzi, nikazirudisha chupani.

Mara ya kwanza nilimwendea fundi. Alizitazama nyuzi, akatikisa kichwa kukubali, akasema, "Peleka kwa mwenyekiti." Mara ya pili nilimwendea mwenyekiti. Aliniambia chupa ya jemu si maabara, na kwamba kofia hazijapata hata ufa. Mara ya tatu nilisimama mkutanoni. Akina mama wenzangu wakaanza, "Haya, Mama Kidato kaamka!" Mwingine, "Mama Chokaa, leo umetafuna nini?" Mwenyekiti akanyamazisha kicheko, akasema kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma, "Ndugu yetu, hoja ya kugawana ulileta wewe. Ilituunganisha. Sasa unataka kuivunja kwa uzi?"

Nikakaa chini. Nikanyamaza. Nikaendelea kutandaza nusu na nusu, na kila asubuhi kumpeleka mtoto. Ndiyo miezi mitatu niliyoitaja.

Sasa rudi kwenye rimu. Nilipolishusha, mwalimu aliwaingiza watoto darasani kwa mlango wa uani bila kuniuliza zaidi. Nikajitwika rimu kichwani juu ya kanga niliyoikunja ngata, nikamshika mwanangu mkono, tukaenda. Kukatiza Kariakoo na rimu la lori kichwani si jambo la kufanya kimya.

"Mama, gari lenyewe liko wapi?"

"Kalimeza!"

"Dada, ukipata tairi pitia na kwangu!"

Mwanangu alikuwa anawajibu, "Ni kengele yetu!" kwa fahari kubwa, na mimi nikajikuta nacheka huku nalia, shingo inanivunjika.

Niliingia karakana, nikalibwaga rimu katikati ya ua. Mwenyekiti akatoka ofisini.

"Ndugu yetu, umetuletea usafiri?"

"Nimewaletea kengele ya chekechea. Ilikuwa imening'inizwa kwenye kofia ya mlango, watoto wako chini yake, inapigwa. Leteni kofia yoyote ya nusu kwa nusu tuijaribu."

Labda kwa sababu sikupiga kelele, walileta. Ilitoka ghalani, ya kundi lile lile la chekechea. Tukailaza juu ya viunzi viwili, tukafunga rimu kwa waya, nikachukua nyundo. Nikapiga. Hakuna kitu. Nikapiga tena, kumi, kumi na tano. Kofia ilitulia kama inasinzia. Kicheko kilianza nyuma, kikaja mbele. Mwenyekiti akanigusa bega, akasema, "Umeona, mama? Nenda kapumzike."

Nakuambia nilitaka ardhi inimeze. Nyundo ilikuwa nzito ghafla. Mwanangu alikuwa ameenda bombani kunawa miguu, kama wote tulivyofanya pale tukitoka kazini, amesimama juu ya kibao kilichowekwa chini ya bomba ili tusikanyage tope. Nikamtazama. Nikatazama kibao.

Kilikuwa kofia. Ya kundi lile lile, iliyovunjika pembe siku ya kutolewa kwenye kalibu, tukaitupa hapo. Tangu masika haijakauka hata siku moja.

"Fundi," nikasema, "chokaa ikikosa maji inakula?"

Mzee yule akaja akakitazama kibao. "Haili," akasema. "Kavu haili. Ya ghalani ni kavu." Kisha, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Na ya chekechea inapokea maji ya paa lote. Leteni hiyo ya bombani."

Tuliiinua, tukaiweka juu ya viunzi. Rimu likafungwa. Pigo la kwanza, kimya. Pigo la pili, mlio mdogo. La tatu, kofia ikakatika vipande viwili, rimu likatua chini na ngaa moja ambayo hakuna aliyeicheka. Ilikatika kama kashata.

Fundi alipiga magoti akatuonyesha mahali ilipokatika. Nyuzi chache zilikuwa zimechomoza kama nywele, na ukizivuta zinakataa. Hizo ndizo sugu. Katikati yake palikuwa na vitobo vyeupe, unga tu. "Kofia hii ilihesabiwa kwa uzi wote," akasema. "Nusu ikiliwa, nusu iliyobaki haiwezi kubeba mzigo wa mwenzake."

"Mbona hukusema siku ile ya mkutano?" mwenyekiti akamwuliza.

"Nilifungua mdomo mkawa mmeshapiga makofi. Nani anasimama kupinga usawa, Ndugu Mwenyekiti? Wewe ungesimama?"

Mwenyekiti alivua kofia yake, ya kichwani, akajifuta jasho, na papo hapo akaagiza boriti za mkoko zitolewe ghalani. Saa nne haijafika, mlango wa chekechea ulikuwa umetegemezwa na boriti mbili, na mwalimu, ambaye alikuwa bado ananitazama kwa pembe ya jicho, alining'iniza rimu lake tulilomrudishia kwenye mti wa mwarobaini. Linalia vizuri zaidi pale, anasema mwenyewe.

Niliporudi karakana mwenyekiti alinivutia kiti ofisini. Akaweka mbele yangu karatasi, na karatasi za kaboni kwa nakala.

"Andika," akasema. "Mimi nikiteremsha kofia za wanachama kwa maneno ya mdomo, wiki ijayo watasema naonea wa Mchafukoge. Andika lalamiko. Nitalipiga mhuri mbele yako, nami nitalisoma mkutanoni. Wala usilipambe."

"Hata jina lako?"

"Hasa langu. Hivi ule upole wangu ulikuchoma sana?"

"Sana."

"Uandike."

Mwanangu alikaa chini ya meza, anapanga vipande vya kofia iliyovunjika kama nyumba. Niliandika bila kusimama. Mwenyekiti aligonga mhuri kwenye nakala zote, kila mara akiupulizia pumzi kwanza. Nakala yangu ninayo, na hii ndiyo:

*Kwa Ndugu Mwenyekiti wa ushirika wetu. Nakala kwa mwalimu wa chekechea, na kwa balozi wa nyumba kumi.*

*Lalamiko: kofia za zege zilizotiwa uzi wa boti.*

*Ndugu, nalalamika kwamba kofia zote tulizotoa tangu mkutano wa kugawana nyuzi si salama zinapolowa. Uzi wa boti unaliwa na chokaa ya saruji. Ushahidi uko uani kwetu, na chupa zangu mbili nazileta pamoja na barua hii. Bibi mwenye nyumba wangu ni shahidi.*

*Nalalamika kwamba mwenyekiti alielezwa akachagua umoja wa mkutano badala ya kichwa cha mtoto. Nalalamika kwamba fundi mkuu alijua akanyamaza. Nalalamika juu ya wenzangu walionicheka, ingawa nao watoto wao wamo katika mistari ile.*

*Naomba kofia za chekechea ziteremshwe wiki hii, kisha za zahanati, kisha za nyumba, zile zinazopokea maji ya paa zitangulie. Naomba uzi sugu uliobaki usigawanywe tena. Utoshe kofia chache zilizo kamili, na za kwanza ziwe za chekechea. Sisi wengine tutumie makuti mpaka makatoni yaje. Jua la Dar es Salaam tumelizoea. Naomba kila kofia mpya iandikwe kwa msumari, ingali mbichi, jina la uzi uliotumika na la mtu aliyeutandaza, ili siku nyingine asitafutwe mtu.*

*Mwisho, namlalamikia mwanachama aliyeleta hoja ya nusu kwa nusu. Alikuwa na elimu ya kutosha kuuliza kwanza, akapenda makofi. Miezi mitatu alijua, akaendelea kutandaza. Naomba asifukuzwe, kwa sababu anaijua kazi, na kofia ya kwanza ya mlango wa chekechea anataka aitengeneze yeye.*

*Ni mimi, mwanachama huyo, mama wa mtoto wa mstari wa kushoto.*